Nilivyopata kinga ya kugandisha fuwele zangu kwa naitrojeni ya ng'ombe, Nyakahura

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Leo nimeamua kuandika, na nitaandika yale niliyoyaona kwa macho yangu tu. Niliposhindwa nitasema nilishindwa, maana nilishindwa sana kabla ya kupatia.

Uzi ni wa sayansi lakini usikimbie. Kuna ng'ombe humu.

Mimi ni Mhangaza wa Ngara, upande wa kuelekea Lukole. Kwetu ni migomba na maharage. Nikiwa sekondari, mnyauko uliingia shambani kwetu. Mtu wa Kagera haulizi mnyauko ni nini: majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya siku zake, ukikata shina linatoa usaha. Mzee aling'oa shamba karibu lote kwa mkono wake, mgomba mmoja baada ya mwingine, halafu akafukia. Sijawahi kumwona mzee wangu analia, ila wiki ile chakula kilimshinda.

Basi nilipopata nafasi ya masters huko Dar, nilichagua kusoma protini moja ya yule bakteria wa mnyauko.

Wazo lenyewe ni rahisi. Ukilijua umbo la protini, unaweza kuanza kutafuta kitu cha kuikaba. Tatizo ni kwamba umbo hilo halionekani kwa hadubini. Inabidi uifanye protini ijipange iwe fuwele, kama chumvi inavyojipanga maji yakikauka, kisha uipige kwa eksirei kali. Eksirei zinatawanyika na kuacha madoa, na kutokana na madoa hayo kompyuta inakokotoa umbo.

Fuwele zangu nilihangaika nazo miezi minane kuzipata. Moja ni ndogo kuliko nusu ya punje ya sukari. Siku ya kwanza kuziona nilimwita hadi mlinzi wa jengo aje aangalie.

Sasa hapo ndipo mateso yalipoanza.

Mashine niliyoihitaji iko Ulaya. Fuwele zinasafiri zikiwa zimegandishwa kwenye naitrojeni ya maji, baridi ya karibu nyuzi mia mbili chini ya sifuri. Lazima zigandishwe kwa sababu eksirei zile zinaunguza, na fuwele yenye baridi hiyo ndiyo inayovumilia.

Lakini fuwele ya protini karibu nusu yake ni maji. Kama uliwahi kusahau chupa ya soda kwenye friza, unajua maji yakiwa barafu yanafanya nini. Kwa hiyo kabla ya kuigandisha unailoweka kwenye kitu kitakachozuia maji yasiwe barafu, yagande yakiwa wazi kama kioo. Vitu hivyo wenyewe tunaviita cryoprotectant. Mimi humu nitasema kinga.

Kinga ziko nyingi: gliserini, sukari, ethylene glycol, mafuta ya aina fulani, na nyingine. Kila fuwele ina ile inayoikubali. Hakuna mtu anayeweza kukuambia mapema kwamba yako itapenda ipi. Unajaribu.

Mimi sikujaribu. Niliuliza wenzangu wanatumia nini, wakasema gliserini, nikachukua gliserini. Uvivu, wakuu. Niuite kwa jina lake.

Safari ya kwanza nilipeleka fuwele kumi. Majibu yakarudi: picha zimejaa duara za barafu, doa la protini hakuna hata moja.

Safari ya pili nikaongeza gliserini. Barafu ikaondoka. Na fuwele nazo zikaondoka, maana zilifika zimepasuka na kuyeyuka pembeni kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji.

Supervisor wangu ni mama mpole, lakini siku ile aliniita akafunga mlango.

"Tumebakiwa na nafasi moja kwenye ile mashine," alisema. "Ikishindikana, tutabadilisha mada. Utafanya kazi ya kompyuta tu, umalize."

"Mama, na mnyauko?"

"Mnyauko utasomwa na mwingine."

Wiki ileile nikapigiwa simu kutoka nyumbani. Mzee ameteleza akikata mkungu, mguu umevunjika. Mama alishatangulia mbele za haki, dada zangu wameolewa mbali, mmoja Karagwe na mwingine Chato. Mtu wa kwenda ni mimi.

Nikapiga hesabu. Boksi la Ulaya lilikuwa linaondoka baada ya wiki tisa. Mzee angenihitaji wiki sita au saba. Nikirudi, nitakuwa na siku chache tu za kugandisha, siyo za kujaribu.

Nikagawa fuwele sehemu mbili. Sahani moja nikaiacha lab. Sahani ya pili nikaifunga vizuri, nikaiweka kwenye cooler na vichupa vyangu vya kemikali, chujio, na vile vitanzi vidogo vya nailoni tunavyotumia kuvulia fuwele. Kutoka Dar hadi Ngara lile boksi lilikaa mapajani mwangu. Abiria wa jirani aliuliza kama ni samaki. Nikamwambia ndiyo, yakaisha.

Nyumbani nikamkuta mzee amewekewa plasta hadi juu ya goti, amekasirika kama mtu aliyefungwa bila kesi. Nikapika, nikaosha, nikapalilia maharage. Jirani yetu, mama mmoja ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi wakati wa vita wakabaki, alikuwa anakuja kukaa naye nikitaka kutoka. Bila yeye uzi huu usingekuwepo.

Siku moja nilikwenda Nyakahura, kwenye lile soko la barabarani, kumtafutia mzee magongo ya kutembelea kwa fundi mmoja niliyeelekezwa. Nikitoka nayo, nikamwona dada mmoja kasimamisha pikipiki. Nyuma amefunga mtungi wa bati nene, shingo nyembamba. Alipoinua kifuniko, moshi mweupe ukamwagika chini kama unga.

Wakuu, ule moshi naujua.

Nikamsogelea. "Dada, habari za kazi. Hiyo ni naitrojeni ya maji?"

"Ni ya ng'ombe. Una ng'ombe?"

"Sina. Nina fuwele."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia na mlevi.

Huyo ndiye Leokadia, mtaalamu wa uhimilishaji. Kwa wasiojua: ng'ombe akipata joto, badala ya kutafuta dume, unamwita yeye. Anakuja na mbegu za dume bora zilizogandishwa kwenye mirija myembamba, anampandikiza. Mbegu zinakaa ndani ya mtungi ule kwa miezi. Naitrojeni ikiisha, mbegu zote zimekufa, na wafugaji wa kata nzima wamekosa.

Nikamweleza shida yangu palepale, nikiwa nimesimama juani na magongo ya mzee mkononi. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Unataka kiasi gani?"

"Lita moja moja, mara chache."

"Lita moja kwangu ni siku kadhaa za uhai wa mbegu," akasema. "Sikatai. Ila utanisaidia kazi. Yule aliyekuwa ananishikia ng'ombe amehama. Ukija Nyakahura na Nemba siku zangu za mzunguko, nitakupa."

Hivyo ndivyo msomi wa masters alivyogeuka kuwa mshika kamba. Mara mbili kwa wiki. Nilipigwa teke mara tatu, na moja bado naisikia wakati wa baridi.

Naitrojeni nilikuwa naibeba kwenye chupa ya chai ya bati, kifuniko kimelegezwa. Nasisitiza hapa kwa vijana wenye akili nyingi: USIFUNGE. Ile kitu inachemka muda wote, ukiifunga inageuka bomu. Wala usiibebe kwenye gari lililofungwa madirisha. Mimi nilikaa nyuma ya pikipiki, upepo tele.

Rafiki yangu Deus, tuliyesoma darasa moja, sasa ni mwalimu wa biolojia sekondari. Aliomba ruhusa kwa mkuu wake, tukapewa maabara ya shule mchana baada ya vipindi. Hadubini ipo, mizani ipo. Mimi sikuhitaji zaidi ya hapo.

Na hii ndiyo sehemu ninayotaka wanafunzi wa sayansi waisome mara mbili. Kuchagua kinga huhitaji mashine ya Ulaya. Unahitaji jicho.

Unachanganya kinga na yale maji fuwele ilimokulia. Unachovya kitanzi, kinabeba tone. Unalitumbukiza kwenye naitrojeni. Ukiliona tone ni jeupe kama maziwa, hiyo ni barafu, kinga haitoshi. Ukiliona liko wazi, unaona hadi upande wa pili, umefaulu hatua ya kwanza. Fuwele hujaigusa bado.

Siku ya kwanza nilifanya matone tu. Gliserini ya duka la dawa, ethylene glycol niliyotoka nayo Dar, sukari ya dukani niliyoichuja, na asali ya mzee kwa sababu Deus alisisitiza.

Meupe, meupe, wazi, meupe, wazi. Deus anaandika ubaoni kwa chaki, mimi naita. Nilijisikia kama niko kwenye lab kubwa ya dunia.

Nikiwa napanga kiasi cha kila kitu ndipo nilipofungua daftari langu la Dar kulinganisha. Nikaganda mwenyewe.

Kumbe mara zote mbili nilikuwa nachukua yale maji ya fuwele na kuyaongezea gliserini juu. Maana yake nilikuwa nayazimua. Ni kama kumimina maji kwenye kikombe cha chai: sukari uliyotia haijapungua, lakini chai siyo ile tena. Fuwele ikiingia kwenye maji yaliyozimuliwa inaanza kuyeyuka, haina kosa lolote. Nilitakiwa kuyatengeneza upya, kila kitu kikiwa na nguvu yake ileile, na kinga ichukue nafasi ya maji matupu peke yake.

Kosa la mtoto. Nilikaa kwenye stuli ya shule nikacheka hadi Deus akaogopa.

Nikatengeneza upya. Fuwele kwenye gliserini: zilidumu kidogo, kisha zikaanza kulika kingo. Ethylene glycol: mpasuko katikati. Asali, kwa mnaosubiri: tone liling'aa vizuri mno, lakini fuwele niliyoiweka humo ilikunjamana kama nyanya iliyoanikwa. Deus alikubali yaishe.

Sukari ndiyo iliyonipa matumaini. Fuwele haikuyeyuka. Ila nayo ilipasuka, nyufa ndogondogo, kila mara.

Nikajaribu tena. Nyufa.

Sahani ilikuwa na fuwele nyingi siku nilipoondoka Dar. Zikabaki sita.

Halafu Leokadia akaniambia gari la naitrojeni limechelewa. Akachovya kijiti chake cha kupimia, akakitoa, akanionyesha alama ya umande ulioganda ilipofika. Ilikuwa chini sana.

"Mdogo wangu, leo nakupa, lakini ndiyo mwisho. Nikikupa nyingine nitakuwa nimewaibia wafugaji."

Nikamwambia nimeelewa. Nilielewa kweli.

"Na leo naenda na wewe," akaongeza. "Nimetoa naitrojeni yangu mwezi mzima, hata siku moja sijaona hicho unachogandisha."

Akaja maabara na gambuti zake. Nikamwekea fuwele kwenye hadubini. Akainama juu ya lenzi.

"Ni nzuri," alisema taratibu. "Imechongwa na nani?"

"Imejichonga."

Nikaivua kwa kitanzi, nikaitumbukiza kwenye sukari. Akawa anaangalia mwenyewe. Mara akashtuka: "He! Imepasuka!"

"Ndivyo zinavyofanya."

Akainua kichwa. "Sasa mbona unaitupa ghafla hivyo? Imetoka kwenye maji yake, unaipeleka moja kwa moja kwenye sukari nzito. Si lazima ipasuke?"

"Dakika ni chache, dada, huwa tunafanya haraka."

"Sikiliza. Nilipokuwa mafunzoni walituonyesha mbegu zinavyoandaliwa. Na wao wanatumia gliserini. Lakini hawamwagi yote mara moja. Wanaweka kidogo, wanasubiri, wanaongeza kidogo, wanasubiri. Ukiweka yote, maji yanatoka kwenye mbegu kwa fujo, mbegu inakufa. Hiki chako kina tofauti gani?"

Wakuu, niliwahi kuisoma habari hiyo. Imo vitabuni, kupanda ngazi kwa ngazi. Lakini mwalimu wangu hakuwahi kunilazimisha, na mimi nilikuwa nimekariri haraka, haraka, haraka. Ilibidi niambiwe na mtu anayejua kifo cha mbegu moja kina maana gani kwa mfugaji wa Nemba.

Zimebaki tano.

Tukapanga vikombe vidogo mezani. Sukari kidogo kabisa, ya pili imezidi, ya tatu imezidi, hadi ya sita yenye nguvu kamili. Leokadia akashika saa. Deus akasimama mlangoni asiingie mtu.

Fuwele ya kwanza nilitetemeka mkono nikaipoteza. Naikiri.

Ya pili nikaipandisha. Ngazi ya kwanza, nzima. Ya pili, nzima. "Subiri," anasema Leokadia. "Subiri. Haya." Ya tatu. Ya nne. Ya tano. Kwenye ya sita nilishindwa kuangalia, nikamwachia yeye hadubini.

"Kingo zake kali kama wembe," akasema. "Hakuna ufa."

Nikaivua, nikaitumbukiza kwenye naitrojeni. Ikatoa sauti ndogo, tss. Nikaiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Tone liko wazi kabisa, na ndani yake fuwele imekaa, ina pembe zake zote.

Tukarudia na tatu zilizobaki. Zote nzima.

Sitasema uongo, nilitoka nje nikazunguka uwanja wa mpira wa shule peke yangu. Nikarudi nikamkuta Leokadia anamwonyesha Deus jinsi ya kushika kitanzi bila kutetemeka.

Mzee alipoanza kutembea na magongo, nilirudi Dar na karatasi moja yenye mapishi. Nikaitoa ile sahani niliyoiacha lab, nikagandisha fuwele kumi na mbili kwa mapishi yale, hatua sita, saa mkononi. Supervisor aliposikia sukari ya dukani aliinua nyusi, akaniuliza nimeichujaje. Nikamweleza. Akasema, "Peleka."

Boksi likaondoka. Mimi nikapanda tena Ngara kumpeleka mzee akakatwe plasta.

Nilikuwa Nemba, nimeshika kamba ya ng'ombe mmoja mweupe mkorofi, Leokadia yuko kazini, glovu hadi begani, simu ilipolia mfukoni. Ujumbe wa supervisor. Picha. Mtandao wa huko unaujua: picha inashuka kama mtu anayeteremka mlima na mzigo.

Nusu ya juu ikafunguka. Madoa. Safi, yamejipanga mistari kwa mistari. Duara la barafu hakuna.

Nusu ya chini ikafunguka. Madoa hadi ukingoni.

Chini ameandika: "Kumi kati ya kumi na mbili. Hongera sana, mwanangu."

Nilipiga kelele. Ng'ombe akaruka.

"Tulia wewe, utaniharibia kazi!" Leokadia akafoka. Akamaliza alichokuwa anafanya, akavua glovu, akanawa, ndipo akaja kuangalia. "Haya mbona ni madoa tu?"

"Dada, madoa ndiyo protini yenyewe."

Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mwenye ng'ombe, baba mmoja aliyekuwa haelewi lolote, akamwambia: "Mzee, hii ni kazi yangu na huyu." Akairudia tena. "Kazi yangu na huyu."

Jioni nikampa mzee simu aone. Akavaa miwani.

"Hii ndiyo iliyomaliza migomba yangu?"

"Sehemu yake moja, mzee."

"Sasa dawa lini?"

Sikumdanganya. Nilimwambia dawa bado, huenda ni miaka, huenda nisiione mimi. Lakini kabla ya hapo hakuna aliyekuwa analijua umbo la protini ile, na sasa kompyuta italikokotoa kutokana na madoa haya.

Akafikiri. Akasema, "Basi umeiona uso. Adui uliyemwona uso huwezi kumwogopa sawasawa na zamani." Jumapili, baada ya misa, alisimama na magongo yake akaeleza kila mtu kwamba kijana wake amepiga picha mnyauko. Nilijaribu kumrekebisha, nikaacha.

Nilitetea utafiti wangu mwaka huohuo. Kwenye ukurasa wa shukrani niliandika jina la Leokadia mara tu baada ya supervisor. Mjumbe mmoja wa jopo akauliza, "Huyu ni wa taasisi gani?" Nikajibu ni mtaalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe, wilaya ya Biharamulo, na kwamba sura ya tatu yote inasimama juu ya naitrojeni yake na swali lake. Jopo lilicheka kidogo. Supervisor wangu hakucheka. Alisema, "Ongeza hilo kwenye maelezo ya njia ulizotumia, siyo kwenye shukrani peke yake." Nikaongeza.

Nilichojifunza, wakuu:

Usichukue kinga kwa sababu kila mtu anaitumia. Jaribu matone kwanza, yanakugharimu dakika. Usizimue maji ya fuwele yako. Panda ngazi polepole. Hayo ni ya wenye fani.

La kwetu sote ni hili: nilikwenda nyumbani nikidhani naenda kupoteza wiki saba. Nikakuta ujuzi nilioukosa umefungwa nyuma ya pikipiki, kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza chochote zaidi ya ng'ombe. Ulizeni watu wa fani nyingine. Ila na nyinyi shikeni kamba.

Najua humu kuna maafisa mifugo, kuna watu wa maabara, kuna wanafunzi waliokwama kwenye jambo fulani. Wewe ulikwamuliwa na nani ambaye hukumtegemea? Andika hapo chini, na jina lake la kwanza ulitaje. Mwenye swali la kitaalamu aulize pia, nitajibu nikijuacho. Nisichokijua nitampigia Leokadia.